Gertrude Wakio, Aliyebaki na Maneno ya Kirumbi

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Mwalimu Donald, makaburini Bura, Jumanne tarehe 15 Machi 1927

Ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Mwatate, Voi na vilima vyote hivi, poleni kwa msiba na poleni kwa mlima.

Dada yetu mpendwa alizaliwa yapata mwaka 1875 katika kilima cha Kirumbi, nyikani chini ya Mwatate. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yetu alisema tu ni mwaka ule mtama ulizaa hadi ndege wakachoka. Wakirumbi hatukuwa wengi tangu zamani. Njaa na ndui vya mwaka 1899 vilitumaliza, wazazi wetu wakiwamo, na nyumba chache zilizosalia zikapanda kuja Bura. Mimi nilipanda mgongoni mwa Wakio. Wadawida, wenyeji wa hapa, walitupokea na kutupa mashamba, nasi taratibu tukaanza kusema kama wao. Leo wanaoota ndoto kwa Kikirumbi wanatosha benchi moja la kanisa.

Mwaka 1900 aliolewa na Mwandawiro wa hapa Bura, mtu mpole aliyependa kula kimanga na kunyamaza. Wakajaliwa mtoto mmoja, Alexander. Mwandawiro alichukuliwa kubeba mizigo ya vita mwaka 1916, hakurudi. Dada hakuolewa tena.

Shule aliingia akiwa mtu mzima, katika darasa la katekisimu la mwaka 1908. Padri alipomuuliza kama bado anafanya kutasa, alimjibu, "Baba, wewe unanyunyiza watu maji na kuwaombea mema. Na mimi vilevile. Tofauti ni kwamba wewe una brashi." Padri alicheka mpaka akakaa. Alimbatiza Pasaka iliyofuata.

Kazi yake ilikuwa shamba na ukunga. Wengi mnaonisikiliza alikupokeeni yeye, na wengine mlimsumbua sana. Lakini watu walimwita pia kwa ajili ya kutasa. Kwa mgeni asiyejua: mkubwa mwenye hasira huiweka chini, huchukua funda la maji, hulinyunyiza kwa kinywa na kumtakia mema aliyemkosea, au mgonjwa, au msafiri. Wadawida wana maneno yao. Sisi tulikuwa na yetu, na tangu mwaka 1920 aliyeyajua ni Wakio peke yake.

Nikaanza kuyaandika, maana nilijua tukimzika yeye tutayazika nayo. Nilifikiri ataketi anisomee imla kama darasani. Thubutu! Alikataa katakata kuyasema bila sababu. Basi ikabidi nimfuate kila alikoitwa: kwa mgonjwa, kwa msafiri, kwa majirani waliogombania mfereji. Hivyo niliyapata yote, isipokuwa yale makubwa, ya mzazi kumsamehe mwanawe.

Hayo alininyima kwa sababu mnayoijua. Alexander alikwenda kufanya kazi ya reli Voi, akasilimu, akaitwa Badawy, na mwaka 1923 akamwoa Mwanamina, binti wa Mzee Miraj mwenye duka. Dini haikumuudhi mamaye. "Aitwe Alexander, aitwe Badawy, akiitwa chakula ataitika," alisema. Kilichomchoma ni kwamba alioa bila kuja kwanza kumletea mama maji. Kijana naye alidhani sukari na leso vitatosha. Dada alikunywa ile sukari, akajifunga zile leso, na hasira ikabaki palepale. Kwa desturi yetu, mdogo aliyekosa ndiye huleta maji ya kutasa kwa mkono wake.

Nilimbembeleza, "Dada, yaseme tu, niandike."

"Nimwambie nani? Mdogo wangu, nikiyasema na moyo umefunga, utakuwa umeandika uongo kwa mwandiko mzuri."

Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu. Niliogopa mara mbili: kumpoteza dada, na kumwacha mwanawe na hasira ile shingoni. Nikapeleka habari Voi. Juzi Jumapili walifika, na aliyetangulia mlangoni ni Mwanamina. Alikuwa amewauliza wanawake wa Mwatate desturi yetu ikoje. Alimkabidhi mumewe kibuyu cha maji. "Mpe mama kwa mkono wako," akamwambia. "Si mimi nliyemkosea, wala si sukari."

Badawy alipiga magoti. "Mama, nimekuja nimechelewa."

Tulimwinua dada. Alichukua funda, akalinyunyiza kifuani pa mwanawe, na kwa sauti iliyobaki akasema maneno yote, polepole, huku akimshika kichwa. Kisha akanigeukia. "Umeandika?"

Sikuwa nimeandika hata neno. Nilikuwa nalia. Akatabasamu, akalala. Jana Jumatatu, saa sita mchana, alituacha.

Ameacha mwanawe Badawy, mkwewe Mwanamina, mjukuu wake Zaitun, mdogo wake mimi, na watoto wa Bura aliowapokea duniani. Tunawashukuru nyote mliotusaidia kumuuguza.

Leo asubuhi nilimuuliza Badawy yale maneno, naye machozi yalikuwa yamemziba masikio kama mimi. Aliyeyashika ni Mwanamina, mtoto wa pwani, asiyejua Kikirumbi. Nikachukua kalamu haraka, nikamwambia ayaseme.

Akatikisa kichwa. "Ngoja kwanza, mjomba. Zaitun kanivunjia kikombe changu cha harusi, na bado nna hasira naye. Mwite, aniletee maji."

Gertrude Wakio, pumzika, dada. Mungu akulaze kwa amani.