Bwana Tangi, Mzimamoto wa Kwanza wa Uwanja Wetu wa Ndege

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1983, marehemu aliandikishwa kazini kuwa mzimamoto wa kwanza wa uwanja wetu wa ndege. Binti yake wa mwisho anafanya kazi hiyo hiyo, na ndiyo sababu waombolezaji hawamwoni hapa mbele pamoja na familia. Jambo hilo litaelezwa.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe mshonaji. Wakati huo uwanja ulikuwa ukanda wa nyasi nje ya mji. Ndege ndogo ilipokaribia, mlinzi alipuliza filimbi akaswaga ng'ombe pembeni, na abiria walipimwa kwenye mizani pamoja na mizigo yao. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba ndege ikipita juu ya paa, watoto wote wa mtaa walilia isipokuwa huyu, ambaye ndipo alipolala vizuri.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha ufundi akiwa makanika wa magari makubwa.

Uwanja ulipotiwa lami ili watalii wa hoteli za ziwani waletwe na ndege kubwa, lilinunuliwa gari jekundu la zimamoto, likaja na sheria yake: bila tangi lililojaa maji na watu wawili ndani ya gari, ndege ya abiria haitui. Basi marehemu alikaa ndani ya gari lile, injini ikinguruma taratibu, akitazama mwisho wa lami, pale ambapo joto huifanya ardhi ionekane kama maji. Ndege zilitokea humo polepole, kana kwamba zinaogelea. Moto haukuja. Ukajengwa mnara wa kuongozea ndege. Mwaka 2006 likafunguliwa jengo jipya la abiria, lenye mkanda wa mizigo na mgahawa wa ghorofani. Watalii wakabadilika kofia na lugha. Moto haukuja. Wenzake walimwita mwajiriwa wa usingizi, naye akawajibu, "Nyie ombeni niendelee kulala."

Jina la Bwana Tangi alilipata katika kiangazi cha 1988. Maua yaliyopandwa mbele ya jengo la abiria yalikuwa yanakauka, akayaonea huruma. Dakika chache baadaye akaitwa kwenye redio na mwongoza ndege, msichana mgeni kazini.

"Zimamoto, ndege inakaribia. Mko tayari?"

"Subiri kidogo, dada."

"Nisubiri nini?"

"Maji."

"Maji yameenda wapi?"

"Kwenye maua."

Kisha rubani akaambiwa azunguke. Ndege ikazunguka juu ya ziwa mpaka tangi likajaa, na watalii, wakidhani wanatembezwa kwa makusudi, waliposhuka walimpigia rubani makofi. Meneja hakupiga makofi. Marehemu alipewa onyo kali, na hakurudia tena.

Tarehe 8 Desemba 1990 alimwoa mwongoza ndege huyo. Mjane bado husema, "Alinizungusha kabla hata hajanioa." Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2015 kitinda mimba alipoomba kazi ya zimamoto, baba alikataa katakata.

"Nimeota mvi nikingoja kitu kisichokuja," alimwambia. "Wewe tafuta kazi ambayo kitu chake kinakuja."

"Baba, kwani hao wanaoshuka salama si ndio kitu chenyewe?"

Kesho yake baba alimpeleka mwenyewe kumwonyesha gari, na miaka miwili baadaye, alipostaafu, alimwachia kiti.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Kitanda kilisogezwa dirishani. Aliposikia injini angani aliuliza, akiwa amefumba macho, "Kuna mtu garini?" Aliyekuwa karibu alijibu kwamba yupo, naye akaendelea na usingizi wake. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi ilijulikana kwamba mzimamoto aliyepangwa zamu ya leo anaumwa na hakuna mwingine wa kumshikia isipokuwa binti. Kaka wa marehemu alikasirika mbele ya kikao cha familia.

"Mtoto akose kumzika baba yake kwa ajili ya watalii? Ndege itue kwingine!"

Mjane akamuuliza, "Shemeji, angekuwa yeye angefanya nini?"

Kaka akasema, "Basi na sisi tungoje."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili. Mungu ampe pumziko jema.

Ndege inatarajiwa saa nane mchana. Ikishatua na abiria wakashuka, zamu yake itakwisha, na binti atakuja hapa moja kwa moja akiwa na sare yake ya kazi. Akifika, jeneza litateremshwa.