Mguu Huu Msiuzike

Sogeeni, wanangu. Judy, zima hiyo feni, inanimeza sauti. Maxwell, simu chini. Mama yenu Mweri akae hapa kichwani pangu, na kaka yangu Nguma, maadamu ametoka Ganze kwa jambo hili hili, mpeni kiti chenye mgongo, asije akasema nilimnyima hata kiti. Nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, kwa maana jana mlianza kunigawa pale mlangoni mkidhani nimelala, na mimi sikio moja liliziba kwa mlipuko, lakini hili lililobaki linasikia ya mawili.

Nyumba hii ya Magogoni ni ya mama yenu hadi siku atakayofumba macho. Kodi ya vyumba vya nyuma ni ya chakula chake na dawa yake ya presha. Baada yake mtagawana sawa kwa sawa, Judy na Maxwell, wala asitokee mtu wa ukoo kusema kwamba binti atajenga alikoolewa. Nyumba hii si ya ukoo, ni ya fidia ya mguu wangu. Nilikaa mbele ya bodi ya madaktari, mmoja akanigusa goti kwa ncha ya kalamu, wakanipimia ulemavu kwa asilimia kama mtu apimaye maziwa, wakalipa. Mguu waliuona. Mayowe yangu ya usingizini, ambayo mama yenu ameyabeba miaka yote hii, hawakuyaona, na hayakulipwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisemi walinidhulumu, la. Nasema kinacholipwa ni kile kinachoonekana, na kilichobaki mmelipa nyinyi wa nyumbani. Mweri, nakushukuru mbele ya watoto. Usilie kwanza, mama, bado nina maneno.

Pensheni yangu, nikifa, mkaripoti upesi. Wako watu, hapa hapa Kisauni, waliomfanya marehemu wao mgonjwa wa kudumu ili hela ziendelee kuingia, hadi walipoambiwa wamlete aonekane, wakatazamana. Msinifanye mzimu wa benki! Mama yenu ana haki yake kama mjane, na ataifuata kwa njia iliyonyooka. Judy, mpeleke wewe, kwa sababu una mdomo, na kijana wa dirishani akimjibu ovyo usinyamaze.

Kaka Nguma, zile pesa zilizokwenda na lori lako la mawe sikudai tena. Lori lilikufa Mariakani na mimi nimelizika. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, na sisi tumelimiwa vya kutosha. Ila hili la mguu nitakukatalia, na usinikatize, tafadhali, nikikatizwa sitaweza kuanza tena.

Watoto hawajui kisa chote, nami nawaeleza. Bomu la barabarani kule Somalia liliponikata mguu wa kushoto, baba yenu mkubwa huyu alipiga simu hospitalini akauliza mguu uko wapi, aje auchukue ukazikwe nyumbani. Daktari alidhani amelewa. Alipoambiwa haupo, wazee wakaona afadhali wazike kiatu, na buti pekee lililorudi katika mzigo wangu lilikuwa la kulia, maana la kushoto liliondoka na mwenyewe. Basi wakalichimbia kishimo nyuma ya nyumba ya marehemu mama, wakamwaga tembo la mnazi, wakawaambia koma, wazee wetu waliotangulia, waupokee mguu wangu mimi Kaviha. Mguu wa kulia! Huu hapa, unaniwasha hadi leo! Niliposikia nilicheka mpaka mshono ukauma, kisha nikalia sana, kwa sababu kila aliyesimama penye kile kishimo alikuwa ananipenda.

Ndiyo maana nakuelewa, kaka, unaposema mguu huu wa bandia uzikwe pamoja nami. "Mtu hazikwi kipande," umesema, "wazee watamuuliza mwenzake uko wapi." Na wewe Maxwell, nilikusikia ukimuuliza mtu bei. "Ni mzima kabisa, wa Mjerumani," ulisema. Ningependa kusema sikukasirika, lakini nilikasirika, mwanangu, hata chai nikaikataa. Najua kazi za bandarini zimekuwa za kubahatisha. Bali mguu huu sikuununua. Nilipewa na mradi wa wanajeshi walioumia, nikafundishwa kutembea upya nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nikaanguka mbele ya vijana, nikainuliwa. Kitu nilichopewa hivyo sitakiuza, na sitakipeleka mchangani.

Mnamjua Ngala wa Ziwa la Ng'ombe, yule anayekuja kwa magongo kucheza bao nami. Alikuwa askari kama mimi. Alikuwa anarudi kazini kutoka likizo, juu ya bodaboda, geti la kambi analiona kwa macho yake, lori likamgonga. Wakamwambia hakuwa kazini. Laiti angegongwa akishavuka lile geti! Kwa hiyo hana fidia, hana mguu, na kila ghala analoomba ulinzi wanamtazama magongo wanasema watampigia simu. Mguu wake ni wa kushoto. Umekatwa chini ya goti, kama wangu. Hajawahi kuniomba, hata kwa mzaha, lakini kila akija huutazama huu wangu wa bandia pale nyuma ya mlango, kisha huyageuza macho upesi, na mimi hujifanya nafikiria kete.

Basi sikilizeni. Kikombe hiki cha juu kilichongwa kwa kigutu changu, hakitamwingia. Fundi amtengenezee chake, na gharama itoke kwenye kodi ya vyumba. Mweri amekubali. Nguzo na wayo ni vizima. Na sitaki mguu huu usubiri nife, kwa sababu maiti hana kauli, na kaka yangu anayo. Maxwell, inuka. Uchukue sasa hivi. Uushike vizuri, si kama kuni. Nguma, nenda naye, umkabidhi Ngala kwa mkono wako wewe mkubwa, ili asije mtu kesho akamdai.

Unatikisa kichwa... Kaka. Nipe mkono. Hivyo. Nizikeni karibu na lile buti, basi, wazee wakiuliza nitawaonyesha. Tutacheka.

Maji, Judy... Asante.

Siku ya mazishi Ngala atakuja. Watu watamkimbilia na kiti, wamezoea. Msimpe. Mwacheni asimame, asimame mpaka mchanga uishe. Mimi nitakuwa nimelala, lakini mguu wangu... mguu wangu utakuwa umesimama hapo juu, pamoja nanyi.

Mungu awape riziki isiyo na magomvi. Awape usingizi... usingizi wa kimya. Mweri, shika hapa.

Maxwell, bado uko mlangoni? Nenda, baba. Nenda, nisikie geti.