Simu Kwanza, Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Viongozi wa dini, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa redioni, nanyi jamaa mliotoka mbali, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni dada yake, ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimepewa kazi hii kwa sababu wengine wote walisema watalia, nami nikasema mimi nina hasira, sitalia, basi mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa breki na mama muuza mkaa, na mama alikuwa akitusimulia kwamba alilia kwa sauti nene hata mkunga akacheka. Alianza shule ya msingi mwaka 1972, akamaliza 1978, akaendelea na sekondari hadi 1982, ambako hesabu zilimpiga chenga vibaya, lakini kwa kusoma kwa sauti mbele ya gwaride hakuna aliyemweza, kisha akapata cheti cha utangazaji mwaka 1985.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa redioni, kwanza kwenye maktaba ya santuri, baadaye habari, na mwaka 1993 akapewa matangazo ya vifo ya saa saba mchana, kazi ambayo wenzake waliikwepa, yeye akaipenda. Alikuwa na desturi yake, hasomi jina la marehemu yeyote kabla hajawapigia simu wafiwa, akawauliza jina linatamkwaje, halafu akawauliza kama watoto wote wameshaambiwa, na kama amebaki hata mmoja, tangazo linasubiri, mhariri afoke asifoke. Ndiyo maana wakamwita Simu Kwanza, jina ambalo hata wifi yangu alilitumia siku alizomkasirikia.

Huyo wifi yangu, fundi cherehani, mnayemwona pale mbele, alifunga naye ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, na kitinda mimba wa kike ambaye yuko chuoni, mbali na hapa.

Mwaka 2022 redio ilileta akili bandia, na hapa niseme ukweli, maana kaka hakupenda uongo, yeye ndiye aliyeipokea kwa mikono miwili kabla ya mtu mwingine yeyote, akawatania waliokuwa wakinung'unika kwamba wanaogopa mashine itawahi kazini kuliko wao. Alijifungia studio akasoma makaratasi kwa makaratasi ili mashine ijifunze sauti yake, akijua itamshikia zamu siku za likizo tu, wala hakuna aliyemweleza kwamba mashine haipigi simu, inasoma ujumbe kama ulivyotumwa, basi.

Oktoba 2023 aliugua koo, ikaonekana ni uvimbe mbaya, na tarehe 20 Novemba alifanyiwa upasuaji ulioondoa kisanduku cha sauti, tangu siku hiyo akawa anazungumza nasi kwa kibao na chaki. Sisi tukihangaika na mwandiko wake, sauti yake ilikuwa kazini kila siku saa saba, nzima kabisa, haina hata mafua.

Februari 2024 sauti hiyo ilitangaza kifo cha mama muuza sabuni wa mtaa wa pili, ambaye saa ileile alikuwa mzima dukani kwake akipima sabuni ya unga, kwa kuwa mpumbavu mmoja alituma ujumbe wa mzaha. Watoto wa yule mama walimjia kaka mlangoni, wamewaka, akatoka na kitambaa shingoni, akafungua mdomo, hakikutoka kitu, na nyuma yake sebuleni redio ikaendelea kusoma matangazo ya biashara kwa sauti ileile, wakamwambia, mbona ndani unaongea. Kesho yake sauti ikaomba radhi hewani, ikasema mimi ndiye niliyekosea, nisameheni, na yeye hakuulizwa na mtu. Jamani, kwa miaka thelathini kaka yangu hakuwahi kumuua mtu aliye hai.

Alikwenda kwa mkurugenzi mara mbili na kibao chake, akaomba sauti yake itolewe hewani, akajibiwa kwamba wasikilizaji wanaipenda. Mkurugenzi yuko hapa, nimemwona, akae tu, hatufukuzi mtu msibani. Tangu hapo kaka alikata tamaa, sitapamba, alizima redio yake lakini za majirani zikaingia dirishani, ikifika saa saba anaziba masikio, na aliniandikia kwamba siku yake ikifika, asomwe na mtu anayepumua.

Ugonjwa ulirudi Machi mwaka huu wa 2025, akalazwa, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Juni, wifi akiwa amemshika mkono. Tulikubaliana kitinda mimba asiambiwe kwa simu, kaka yake mkubwa amfuate chuoni amwambie ana kwa ana, akaondoka asubuhi ileile. Huku nyuma dereva mmoja wa redio akaandika pole kwenye kundi lao la simu, ambalo nalo mashine ilikuwa ikilisoma, ikaichukua, na saa saba, kaka yake akiwa bado njiani, mtoto yule akiwa na sahani mkononi katika ukumbi wa chakula, akamsikia baba yake akimtangazia kwamba baba yake amekufa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotuletea viti na maji, mama muuza sabuni aliyekuja kutupikia tangu siku ya kwanza, na wenzake wa redioni, hasa yule dereva, ambaye hana kosa, alisikitika tu.

Saa saba inakaribia, naomba mwenye redio, hata ya simuni, aizime, tumzike kwa utulivu. Simu Kwanza, kaka yangu, watoto wote wameshaambiwa. Pumzika kwa amani wewe, maana sauti yako wamekataa kuipumzisha.