Hongera ya Kukonda

Bibi: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Lucy: Si wewe ndiye umepiga? Nani anaongea?

Bibi: Ni mimi bibi yako, wa Butiama.

Lucy: Ah, Bibi. Shikamoo. Namba siijui, nikadhani mteja.

Bibi: Marahaba, mama. Ni ya Baltazari wa dukani. Yangu imezima chaji, naye ameniazima yake, akaniwekea na vocha kidogo. Hujambo huko mjini, Kitaji?

Lucy: Sijambo. Ila niko kazini, Bibi, hapa jimu. Subiri nitoke nje, huu muziki—

Bibi: Nasikia kama mko kwenye harusi.

Lucy: Ndivyo tunavyofanyia mazoezi. Haya, nimetoka. Kuna nini? Debora mzima?

Bibi: Amelala.

Lucy: Saa hizi? Mchana?

Bibi: Amelala tangu Jumapili.

[Mtandao unakwaruza.]

Lucy: Anaumwa?

Bibi: Kwanza nikushukuru. Tangu msiba sijakushukuru vizuri. Wengine walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Wewe ulibaki. Ulimsuka dada yako pale barazani, ukamvalisha gauni lako la bluu, ukamwambia, simama nikupige picha, ukipona utaona ulikotoka. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikakuona. Nikasema, huyu mtoto ana moyo.

Lucy: Ni dada yangu, Bibi. Mtoto wa mama mkubwa ni dada tu.

Bibi: Ile picha iko wapi?

Lucy: Ipi?

Bibi: Ya gauni la bluu.

Lucy: Ipo tu. Iko kwenye simu.

Bibi: Simu ya nani?

Lucy: Nani amekwambia?

Bibi: Jumapili Debora alitoka nje mara ya kwanza tangu tumzike mtoto wake. Nilifurahi, nikampigia pasi kitenge, tukaenda misa. Tulipotoka, akaja Jenipher, yule aliyeolewa Bunda, alikuja kusalimia kwao. Habari zetu hana. Anakuja na simu mkononi, anacheka, anampa Debora mkono. Hongera, shoga, kumbe uko kwa Kocha Gody! Umepungua, tupe siri. Na wenzake wakasogea waone.

Lucy: Bibi, ngoja kwanza—

Bibi: Kwenye simu wako Debora wawili. Huku ni Debora wa Krismasi na tumbo lake. Huku ni Debora wa gauni la bluu, mifupa ya shingo imetoka. Nikamwomba Jenipher anisomee maandishi. Akasoma kwa sauti, masikini, kwa furaha yake. Dada Debora alikuja kwetu na kitambi cha chapati na soda. Mwoneni leo.

Lucy: Hayo aliyaandika Kocha, sio mimi.

Bibi: Jenipher alipoambiwa habari za msiba, alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya. Kabla hajarudi Bunda alituletea samaki wakavu, furu, na unga wa ulezi. Simlaumu Jenipher.

Lucy: Kwa hiyo unanilaumu mimi.

Bibi: Nakuuliza. Huyu Gody ni nani?

Lucy: Ni mwalimu wa mazoezi, ndiye aliyeniajiri hapa. Ana ukurasa mtandaoni, watu wengi sana wanamfuata.

Bibi: Wanamfuata wanaenda wapi?

Lucy: Hawaendi, Bibi. Wanamfuata kwenye simu. Wamekaa majumbani kwao.

Bibi: Wamekaa, na wanamfuata.

Lucy: Usicheke. Kuna mama mmoja wa Nyakato, alikuwa na presha, hata ngazi hapandi. Leo anatembea kila asubuhi hadi ziwani na wenzake. Kocha ndiye aliyewaamsha.

Bibi: Hilo jema. Mwambie Kocha, bibi yake Lucy amelisifia.

Lucy: Nitamwambia, Bibi.

Bibi: Basi. Mimi sina ugomvi na mtu kutembea. Nilikuwaga natembea kutoka hapa hadi Bunda na pamba kichwani, na hakuna aliyenifuata. Ugomvi wangu ni huo wa kumtazama mwenzio kwenye simu mpaka usahau kumtazama aliye mbele yako. Debora alisimama pale mbele yao, macho yamevimba, nguo inamning'inia. Wakaangalia simu.

Lucy: [taratibu] Siku hizi watu wanapenda kuona mwili mwembamba, Bibi.

Bibi: Kwetu mtu akikonda tunampelekea uji. Huko mnampa hongera.

[Mkwaruzo. Pikipiki inapita.]

Lucy: Haloo? Sauti inakatika.

Bibi: Nipo. Nimesogea kwenye zizi, huku mtandao unashika. Lucy, huyo kocha alikuja hapa kwangu Krismasi?

Lucy: Hapana.

Bibi: Alijuaje kwamba tumbo lile ni la chapati?

Lucy: Alisema kila msaidizi alete ushuhuda. Mtu aliyepungua, picha mbili. Asiyekuwa na mtu, hana nafasi hapa. Wenzangu wote walileta. Wanawake ninaowafundisha mimi hawapungui, Bibi, wanaruka, wanacheka, wakifika nyumbani wanakula sato mzima na ugali. Nikawa sina mtu. Usiku wa—

Bibi: Ukawa na dada yako.

Lucy: Nilimpa zile picha tu. Akauliza, alikuwa na kitambi cha nini?

Bibi: Ukasema?

Lucy: Ningesema nini?

Bibi: Nakusikiliza.

Lucy: Nikasema... chapati. Chapati na soda.

Bibi: Mm.

Lucy: Sikujua ingefika Butiama. Wanaomfuata ni watu wa mbali, wa Mwanza, wa Dar. Nilijua hakuna anayemjua.

Bibi: Ushuhuda, mjukuu wangu, ni mtu kusema alichokiona. Wewe ulikuwepo. Ulimshika dada yako mkono nilipokuwa namfunika mtoto. Ulinisikia nikimpa jina la babu yenu, Masatu, ili asiende bila jina.

Lucy: [analia] Bibi, basi.

Bibi: Sikupigii ili ulie. Nyamaza. Futa uso, wasikuone hivyo huko ndani.

Lucy: Nitamwomba aifute. Nitatafuta sababu, nitamwambia... nitamwambia dada hataki kuonekana. Watu wa kanisa wamekasirika.

Bibi: Hiyo ni chapati nyingine.

Lucy: Nikimwambia ukweli ananifukuza leo leo. Na wenzangu watanicheka. Bibi, nimehangaika kupata kazi hii, unajua. Nilikuwa naparua samaki mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha, nanuka mpaka kitandani. Hapa watu wananiita mwalimu.

Bibi: Najua. Na najua wewe ndiye uliyenitumia ile dawa ya miguu. Sijasahau. Ndio maana nimekupigia wewe, sijampigia mama yako.

[Mkwaruzo.]

Lucy: Debora anasemaje?

Bibi: Ndio hilo hasa nilipigia. Nilidhani anataka ifutwe. Sivyo. Jana usiku aliniambia, Bibi, niombee ile picha ya tumbo.

Lucy: Anaitaka? Kwa nini?

Bibi: Hana nyingine. Simu yake si iliungua? Mtoto hakulia hata mara moja, hatukumpiga picha, tulimzika siku ile ile. Picha anayoonekana na mwanawe ni ile moja, na inasomwa na watu wa Dar kuwa ni kitambi.

[Kimya.]

Bibi: Lucy, upo?

Lucy: Nipo.

Bibi: Anasema kwenye hiyo picha kuna mkono ulikatwa.

Lucy: Ndio. Mkono wako. Ulikuwa umemshika tumbo, mtoto alikuwa anacheza. Ulisema huyu anaruka kama mbuzi. Kocha aliukata, alisema unachafua picha. Ila ile nzima ninayo. Sijaifuta.

Bibi: Itume kwenye namba hii. Baltazari kesho anakwenda Bunda kuchukua mzigo, ataisafisha itoke kwenye karatasi. Amejitolea mwenyewe, sijamwomba.

Lucy: Naituma. Nikikata tu naituma, Bibi, kweli.

Bibi: Asante. Na ile iliyoko kwenye ukurasa wake, umwambie huyo kijana ulilolijua. Sio kwa kupigana. Umwambie tu, ile ilikuwa mimba, na mtoto alikuwa na jina. Aandike hivyo au aiondoe. Labda naye ana mama, ataelewa. Hujui mtu mpaka umwambie.

Lucy: Na akinifukuza?

Bibi: Njoo nyumbani. Uji upo. Debora hajazoea kuunywa peke yake.

Lucy: [anacheka kidogo huku analia] Bibi, wewe.

Bibi: Utamwambia lini?

Lucy: Leo. Akimaliza tu na hawa wa mchana. Ngoja nijikaze kidogo, nita—

[Mlango unafunguliwa. Muziki unasikika.]

Lucy: Huyo anakuja.

Bibi: Basi ndio wakati wake. Mimi nitanyamaza, sikati.

Sauti ya Gody: [kwa mbali] Lucy, mbona uko nje? Wateja wanakusubiri. Unalia nini? Nani huyo kwenye simu?

[Lucy anapenga kamasi.]

Sauti ya Gody: Kuna tatizo?

Lucy: [mbali na simu] Hapana, Kocha. Hakuna kitu. Ni bibi yangu tu, ananisalimia.

Sauti ya Gody: Haya, fanya haraka. Na umwambie yule dada yako Debora aje siku moja tumrekodi, watu wanamwulizia.

Lucy: [mbali na simu] Sawa, Kocha. Nitamwambia.

[Mlango unafungwa. Muziki unazimika.]

Lucy: Haloo? Bibi? Ulisikia?

Bibi: Nimesikia.

Lucy: Kulikuwa na watu, Bibi. Nitamwambia kesho. Jioni, tukiwa wawili. Bibi?

Bibi: Sawa, mama. Vocha ya Baltazari inakaribia kwisha. Itume ile yenye mkono.

Lucy: Naituma. Umwambie Debora—

Bibi: Nitamwambia umemsalimia. Na mimi nimeshakusame—

[Simu imekatika.]

Lucy: Bibi? Haloo? ... Haloo?