Spika Iliyoshonwa: Maisha ya Ngurumo, Mpiga Gitaa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliotoka mbali kwa ajili ya muziki wake, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ni mdogo wa marehemu, fundi cherehani, aliyepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yake mliyemjua kwa jina la Ngurumo, na kabla hajaanza anaomba jambo moja lieleweke. Tangu Jumanne redio zinasimulia maisha haya bila kupiga hodi nyumbani, na kamati ya mazishi, ambayo mwenyekiti wake ni kiongozi wa zamani wa bendi, imekodi zile spika mbili mpya mnazoziona pale, ikaagiza spika ya marehemu ibaki nyumbani kwa kuwa inakwaruza na itatutia aibu mbele ya wageni. Spika hiyo haikubaki nyumbani, ipo chini ya meza hii, imefunikwa kitambaa cheupe, na mwenye swali asubiri tumalize kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na karani wa stoo, katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili, kimoja cha kulala na kimoja cha kushonea, na mama alipenda kusema kwamba mtoto huyo alilia siku ya kwanza mpaka wateja wakaahirisha kupima nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza mwaka 1967, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1971, na ripoti zake zote ziliandikwa neno lile lile, kwamba ana akili lakini hasikii, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kulicheka sana uzeeni, kwa sababu mtakazozisikia.

Gitaa alifundishwa na mjomba, fundi redio aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa barabara, ambaye mwaka 1968 alimtengenezea amplifaya ya mabaki, na sanduku la spika akalitengeneza kwa mlango wa kabati uliokuwa umetupwa. Redio zinasema mwendo wa upigaji wake, ule wa kukimbia, kusita, kisha kukimbia tena, aliuchukua kwenye sahani za santuri za ng'ambo, na familia inasema hapana, nyumbani hapakuwa na sahani wala cha kuichezea, kulikuwa na cherehani ya miguu, na marehemu alifanya mazoezi pembeni mwa mama akifuata pedali, mama akikimbia kwenye mshono mrefu naye anakimbia, mama akisita kwenye kona ya kola naye anasita. Anayetaka kuhakikisha aende akasikilize wimbo wowote wa marehemu, kisha akae karibu na fundi anayeshona shati.

Sasa tunafika kwenye lile ambalo wengi mmelisikia likisemwa vingine. Sumaku ya spika ile ilikuwa na nguvu, na mafundi wa chumba kile waligundua kwamba pini ikidondoka haina haja ya kutafutwa, unaisogeza spika tu, pini zinaifuata zenyewe, basi ikawa mazoea kuzichomeka mbele ya spika kwenye kitambaa laini, mama anachomeka, wanafunzi wake wanachomeka, na hakuna aliyefikiri kwamba nyuma ya kitambaa hicho kuna karatasi, na kwamba karatasi hiyo ndiyo koo la gitaa. Tarehe 2 Desemba 1973, siku ya onyesho lake la kwanza mbele ya watu, marehemu alijaribu mitambo mchana pale nyumbani, akapiga kwa nguvu, karatasi ikachanika kuanzia tundu moja la pini hadi jingine, upana wa kiganja. Mjomba akashika kichwa, marehemu akaangua kilio, na mama, akiwa bado ana uzi mdomoni, akauliza, "Sasa mnalia nini? Kilichochanika si kinashonwa?" Akachukua kipande cha bitana ya koti, akaishona ile karatasi kwa mkono, akaikaza kwa gundi, akaufunga uzi kwa meno.

Jioni ile spika haikuimba, ilinguruma. Waliokuwepo walisimama kwenye viti bila kuambiwa, mwenye ukumbi akakimbilia swichi akidhani umeme umeharibika, na marehemu, aliyekuwa amekuja tayari kuaibika, akaongeza sauti. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Ngurumo, na kuhusu ile sauti ambayo wapenzi wa roki wameibishania miaka hamsini, kiongozi wa bendi akieleza kwenye mahojiano kwamba aliileta yeye kwa mashine maalumu aliyoinunua nje, familia leo inasema mbele yake, kwa heshima zote za msiba, kwamba mashine hiyo haikuwepo. Kulikuwa na bitana, uzi, mkono wa mama, na pini moja iliyobaki ndani ambayo haijaonekana mpaka leo.

Marehemu alijiunga na bendi mwezi Machi 1974 akiwa mpiga gitaa la solo, na tunarudia, la solo, kwa kuwa ratiba mliyogawiwa mlangoni imeandika mwimbaji msindikizaji, na marehemu kuimba alikuwa hawezi, hata nyimbo za kubembeleza watoto aliziacha kwa mumewe. Tarehe 18 Agosti 1976 bendi iliingia studio kurekodi "Mlango wa Kabati", na alipotoka kwenda kunywa chai, fundi mitambo, kwa idhini ya kiongozi, akaiondoa spika yake na kuweka mpya ya kampuni, nzuri, inayong'aa. Aliporudi alipiga uzi mmoja tu, akaweka gitaa chini, akasema, "Hii si sauti yangu, hii ni ya dukani," akaibeba spika yake kichwani, akapita nayo katikati ya mji mpaka nyumbani, na waliomcheka njiani aliwaambia wacheke kwa sauti zaidi, hasikii vizuri. Bendi ilirekodi bila yeye, santuri ikatoka safi kama maji ya kuchemsha na haina ladha kama hayo maji, kwenye kumbi watu wakawa wanapiga kelele wanataka ile ya kukwaruza, na baada ya miezi miwili kampuni ya santuri ikamtuma mtu apande ngazi za ghorofa ya pili kumbembeleza. Alirudi kwa sharti moja, kwamba spika haiguswi, wakarekodi upya, na hiyo ndiyo rekodi mnayoijua. Kwenye jalada walimpiga picha kiongozi akiwa ameshika gitaa la marehemu, amelishika vibaya, kidole gumba kimejificha, na mwenye macho haambiwi tazama.

Walikuwepo waliomwonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka, na yeye aliwajibu kwamba ya kwake ilipasuka kwanza ndipo ikavuma. Vijana wa nchi nyingi walianza kuchana spika zao kwa wembe, wakaharibu mali za wazazi wao, na mwaka 1983 mpiga gitaa mmoja mkubwa kutoka ng'ambo alikuja mpaka nyumbani akiomba kuonyeshwa siri ya ile sauti, marehemu akamwingiza chumbani akamwonyesha mama kwenye cherehani, mgeni akadhani anafanyiwa mzaha, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza mteja, akampima kiuno. Aliondoka na suruali mbili zilizomkaa vizuri sana.

Tarehe 5 Mei 1979 marehemu alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, na tunaomba redio imwache, kwa kuwa imesema alimkataza mkewe muziki. Mtu huyu ndiye aliyebeba spika hiyo kupanda na kushuka ngazi za kumbi zote, mgongo wake hadi leo unasimulia, na siku alipoulizwa na mwandishi kama haoni vibaya mkewe kuitwa Ngurumo alijibu, "Nione vibaya kwa lipi, wakati mvua yake nanyeshewa mimi?" Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu wa hesabu asiyependa kelele, na familia imeshamsamehe, wa pili ni binti anayepiga gitaa, wa tatu ni muuguzi. Mama yetu alipofariki mwaka 1998, mshono wake kwenye spika ulianza kuachia, na mdogo wa marehemu, huyu anayesoma, ndiye aliyeushona upya, akifuata matundu yale yale ya sindano ya mama, na marehemu alipojaribu kupiga alisema tu, "Mama yupo."

Mwaka 2009 usikivu wake ulianza kupungua, na kufikia mwaka 2014 hakusikia kitu kabisa. Redio imetangaza kwamba alistaafu mwaka huo kwa huzuni. Ngurumo hakustaafu, wala huzuni hakuipa kiti cha kukaa. Alivua viatu, akaweka mguu mmoja juu ya sanduku la spika, akawa anasikia kwa unyayo, na alikuja kusema kwamba unyayo hausikii umbea, unasikia gitaa tu. Kwa namna hiyo alipiga miaka mitano mingine, onyesho la mwisho likiwa tarehe 30 Novemba 2019, peku jukwaani, na wengi mliokuwepo mlidhani ni mbwembwe za wasanii.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa kwenda na kurudi, na mwezi Februari mwaka huu akalazwa. Siku chache kabla ya mwisho wake, mdogo wake alimwandikia kwenye ubao mdogo, chombo walichozungumzia tangu masikio yalipogoma, akimuuliza nini kifanyike siku hii ya leo, naye akajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa iliyoamsha wodi nzima, "Msinizike na sauti ya dukani." Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na familia imeumia sana, tena tunalisema waziwazi, maana ukaidi wetu wa leo msiuone kama hatujalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, wanamuziki wenzake waliokuja wote na vyombo vyao, na majirani, hasa yule wa ghorofa ya kwanza ambaye kwa miaka mingi alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio, nasi tulidhani anakasirika, mpaka marehemu alipotuambia tusikilize vizuri, mzee anafuata mdundo. Tunaishukuru pia kamati kwa spika mpya, na tunaiomba izizime.

Usiku wa kuamkia leo haukuwa wa kulala kwa fundi anayesoma, kwa sababu bitana ilikuwa imechakaa, ikabidi ikatwe nyingine kutoka kwenye koti la marehemu la jukwaani, ikashonwa kwenye matundu ya mama. Binti yake, mtoto wa pili, ameshalichomeka gitaa atakalolipiga kaburini. Spika inatakiwa ifike kaburini kabla ya jeneza, na kwa kuwa ni nzito, upande wa kushoto ataishika shemeji, ambaye amezoea, na upande wa kulia familia inamwomba kiongozi wa zamani wa bendi ainuke pale alipo aje aishike, maana ameizungumzia miaka hamsini na hajawahi kuibeba hata mara moja. Njoo, kaka, hatuna kinyongo, shika hapa chini, na uangalie vidole, kuna pini.

Wengine wote mnaombwa kuvua viatu mkifika pale, mkanyage udongo kwa nyayo, ili msikie alivyokuwa anasikia yeye.

Dada, pumzika kwa amani, lakini kimya hatukupi.