Jeshi la Clifford Ainscough na Mkono Uliolitupa

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza baba, mimi ni Russell, mwanawe wa pekee wa kiume, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake.

Clifford Ainscough alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Accrington, akamaliza shule mwaka 1963, akaajiriwa Septemba hiyo kupaka rangi mabasi kwenye karakana moja huko Burnley, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2008, na tarehe 5 Juni 1971 akamwoa mama yetu, Maureen, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Glenys na mimi.

Mchana alipaka mabasi, jioni alishika brashi ya nywele chache, kwa kuwa alikusanya wanajeshi wa plastiki wa zamani, wale wa kuchezea wenye urefu wa kidole, akiwaosha kwa sabuni, akinyoosha bunduki zilizopinda kwa maji ya moto, akiunga miguu iliyovunjika kwa waya, akiwapaka gundi nyeupe kwanza ili rangi isibanduke, na kila Alhamisi akiwapeleka ukumbi wa kanisa kucheza mchezo wa vita vya mezani na wenzake wa kikundi alichokuwa mwenyekiti wake, ambao nawaona wameketi safu ya tatu.

Mimi nilimwonea aibu. Wakwe zangu walipouliza baba anapenda nini, niliwaambia anavua samaki.

Tarehe 9 Mei 2011 alilazwa kwa upasuaji wa nyonga, nami, nikijitia kusafisha nyumba kabla wakwe hawajaja kumjulia hali, niliwatoa kabatini wanajeshi wake wote mia sita, nikawatia kwenye mifuko myeusi, nikawapeleka jalalani. Aliporudi na magongo yake alifungua kabati, akauliza, "Russell, mwanangu, wako wapi?"

"Nimewatupa, baba. Wewe ni mtu mzima bwana!"

Hakugomba. Alisema tu, "Wenzangu usiwaambie, watakuchukia."

Akawaambia amewauza. Norman Threlfall, wewe uliye pale safu ya tatu, ulimtania mbele ya watu, "Cliff, umeuza jeshi zima ukanunue meno ya bandia?", na kikundi kikamvua uenyekiti kwa kuharibu mchezo mkubwa wa mwaka, uliotegemea jeshi lake, kumbe mlimhukumu kwa kosa langu, nami nilijua, nikanyamaza miaka kumi na tatu. Glenys, hata wewe unalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Januari 2024 mapafu yake yalianza kumsumbua. Siku moja nilikaa kitandani pake nimtake radhi, nikasema, "Baba, wale wanajeshi..." akanikatiza kwa kuninyoshea farasi wa plastiki, mmoja wa wachache aliokusanya upya, "Nishikie huyu farasi nimpake," nikashika, akapaka hadi kwato. Alifariki tarehe 2 Novemba 2024, kabla sijamtaka radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Bi Enid aliyemletea supu kila Jumapili, na wenzake wa karakana waliobeba jeneza.

Lala kwa utulivu, baba. Mkosaji ni mimi, na sasa wenzako wanajua.