Bi Jumatano Anakabidhi Kopo la Chakula cha Samaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika masijala ya kliniki yetu ya macho, karani mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Ana jina kamili kwenye barua ya ajira, kama watu wote, lakini ukilitaja kwenye korido utaulizwa unamtafuta nani. Hapa anaitwa Bi Jumatano. Waliojiunga nasi karibuni wanadhani alizaliwa siku hiyo. Sivyo.

Aliajiriwa akiwa mama wa watoto wawili, akakabidhiwa chumba ambacho mafaili yalirundikwa sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Kuyapanga kulimchukua miezi saba. Ndiye aliyeanzisha utepe wa rangi: kijani kwa wanaorudi kupimwa miwani, njano kwa presha ya macho, nyekundu kwa wanaosubiri upasuaji. Kompyuta zilipoingia, rangi hizo ziliingia nazo. Katika muda wote huo faili moja tu liliripotiwa kupotea, na daktari aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekutwa amelikalia.

Mwaka wake wa sita kazini, familia ya mgonjwa aliyepona ilituletea tangi la kioo la lita mia mbili na samaki wanane wa dhahabu. Liliwekwa kwenye chumba cha kusubiria, mkabala na dirisha la masijala. Madaktari walilipenda upesi. Mgonjwa akifunguliwa bendeji, aliongozwa mbele ya tangi na kuulizwa anaona samaki wangapi.

Tatizo ni kwamba jibu lilikuwa linapungua. Kufikia mwezi wa tatu tangu tangi liletwe, samaki walikuwa wanakufa, maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na harufu imefika mpaka kwenye chumba cha vipimo. Tulinunua wengine, nao wakafa. Daktari mkuu wa wakati huo alisema mahali pa matibabu hapawezi kuwa na maiti mapokezini, akatoa wiki tatu tangi liondoke.

Hakuna aliyemtuma karani kulishughulikia. Alifanya tu kile makarani hufanya: alifungua daftari. Kwa siku tano, kupitia dirisha lake, aliandika kila aliyewapa samaki chakula na saa aliyowapa. Mlinzi alianza alfajiri. Mfanya usafi alifuata, kisha wauguzi kabla ya chai na baada ya chai, kisha wagonjwa wenye biskuti. Siku ya Jumatatu peke yake walilishwa mara kumi na moja. Mwandishi wa taarifa hii, wakati huo muuguzi mgeni mwenye huruma nyingi, ametajwa mara nne, na anakiri.

Daftari hilo alilipeleka kwa muuza samaki wa mapambo, akarudi na maelezo yaliyotuaibisha. "Tumbo la samaki ni dogo, karibu sawa na jicho lake," yule bwana alikuwa amemwambia. "Nyinyi watu wa macho mlipaswa kulijua hilo." Chakula kisicholiwa kilikuwa kinaoza chini na kuchafua maji, na kile kilicholiwa kilikuwa kinawavimbisha.

Kuanzia hapo kopo la chakula lilihamia kwenye droo ya mafaili mekundu, na ufunguo ukahamia shingoni mwake. Samaki walipewa chembe chache asubuhi na chembe chache mchana, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Kilichobaki kiliopolewa kwa wavu. Na siku moja kila wiki hawakupewa kitu, ili matumbo yao yapumzike. Kabla wiki tatu hazijaisha vifo vilikoma, maji yakatakata, na daktari mkuu akaliacha tangi libaki.

Siku hiyo aliichagua kwa makusudi. Jumatano ndiyo siku ya upasuaji wa watoto, na watoto wa upasuaji huja bila kula. Wengi wetu tunamkumbuka msichana wa miaka sita mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, aliyekuwa akilia kwa njaa mpaka mama yake naye akaanza kulia. Karani alitoka dirishani, akachuchumaa karibu yake, akamwambia kwamba hata hao samaki hawajala tangu jana, na hawatakula mpaka kesho. Mtoto aliuliza kama wamefanya kosa. Akajibiwa kwamba hapana, wanatunzwa. Alikaa akiwa amebandika uso kwenye kioo, akiona sijui nini, vivuli vya rangi ya chungwa labda, mpaka alipoitwa ndani. Alipofunguliwa bendeji hakuhesabu samaki. Aliuliza kama wameshakula. Tangu wiki ile jina la Bi Jumatano likamganda.

Si kila mtu aliupokea utaratibu huo vizuri. Mlinzi wetu, mzee aliyekuwa amefiwa na mkewe mwaka uleule, aliuchukulia kama shutuma. Kulisha samaki alfajiri ndiko kulikokuwa kunamtoa nyumbani mapema. Alinunua kopo lake mwenyewe, akawa anawalisha Jumatano kwa siri. Baada ya mwezi samaki mkubwa kuliko wote alivimba, akawa anaogelea kwa ubavu. Bi Jumatano alijua ni nani, maana lindo la alfajiri lilikuwa la mtu mmoja, lakini hakwenda kwa daktari mkuu. Alimwita mzee, wakamhamishia samaki yule kwenye beseni, wakamfungisha siku tatu, kisha wakampa punje moja ya njegere iliyochemshwa na kumenywa. Siku ya tano aliogelea wima.

Mzee alirudisha kopo mwenyewe. "Sasa binti, Jumatano mimi nitafanya nini?" aliuliza.

"Utakaa nao, baba," akamjibu. "Kukaa nao hakuwadhuru."

Akamwachia pia zamu ya chakula cha asubuhi, siku nyingine zote sita. Alikaa nao kwa miaka tisa, kila Jumatano, kofia magotini, mpaka alipostaafu.

Ingekuwa makosa kumwonyesha Bi Jumatano kama mtu wa kushika sheria tu. Dari la chumba cha kusubiria lilipoanguka kipande, jengo lilifungwa siku tisa na hakuna aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa mafundi. Wengi tulikuwa tunahangaikia tangi kubwa. Yeye alisema samaki wazima wenye afya watavumilia siku hizo bila chakula, mradi pampu ya hewa inafanya kazi. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye tangi dogo alilokuwa ameliongeza baadaye dirishani pake, ambamo samaki wa mikia ya rangi walikuwa wamezaa siku nne kabla. Vifaranga, alisema, hawafungi. Alisimama getini saa tatu nzima mpaka fundi mkuu akachoka kumwangalia na kumtolea tangi lile mikononi. Kwa siku tisa aliwalisha nyumbani kiini cha yai kilichosagwa, mara nne kwa siku. Mumewe anadai watoto wao wenyewe hawakuwahi kuangaliwa namna hiyo. Tuliporudi, samaki wakubwa wote walikuwa hai, wembamba kidogo, na vifaranga kumi na wanane walirudi na mwenye nyumba wao.

Kuna jambo moja alilotaka liandikwe. Mwaka wake wa ishirini samaki mwingine alivimba, naye akamfungisha kama yule wa kwanza. Siku ya nne magamba yalisimama nje ya mwili kama ya tunda la msonobari lililokauka. Ulikuwa ugonjwa, si shibe, na alikufa. Kwenye daftari, chini ya tarehe, ameandika: "Nilidhani najua. Sikumtazama vya kutosha." Makarani wote aliowafundisha tangu hapo, na ni saba, walisomeshwa ukurasa huo kabla ya kupewa ufunguo.

Wiki iliyopita alikabidhi droo, kopo na daftari la kumi na nne kwa karani mpya. Kisha, badala ya kuondoka, alizunguka upande wa pili wa dirisha na kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Miaka miwili amekuwa akisoma namba za mafaili kwa kuyasogeza puani, na sisi, kliniki nzima ya macho, hatukuona. Ana mtoto wa jicho. Alikuwa hataki kuacha dirisha kwa wiki za kupona. Karani mpya alimfungulia faili na kubandika utepe mwekundu.

Bi Jumatano, ahsante kwa kila jina ulilolipata pale lilipotakiwa, na kwa watoto wote walionyamaza kwa sababu ulichuchumaa. Samahani kwa kutoona. Atakayekufungua bendeji ni mwandishi wa taarifa hii, ameomba zamu hiyo mwenyewe. Uwe na afya, uwe na wajukuu karibu, na kila utakachokitazama kuanzia sasa ukione vizuri.